Sindano Mbele ya Wakwe

Kwenye kliniki yetu ya kisukari ya watoto na vijana kuna nesi tunamwita Wembe, na wala hakasiriki. Mwenyewe ana kisukari tangu akiwa darasa la tatu, kwa hiyo kijana akimdanganya kwamba kachoma sindano, anamkazia macho tu mpaka ukweli utoke. Watoto wanamwogopa na wanampenda. Mimi meza yangu iko ubavuni mwake, napima uzito na sukari, nasikia kila kitu.

Kuna jambo lililomkaa moyoni miaka nenda miaka rudi. Usichanani mwake alichumbiwa. Mama wa mchumba akaja kwao kutembea, akafungua friji atafute maji ya baridi, akakuta insulini mlangoni. Jamani! Alisimama katikati ya sebule akasema, "Mwanangu haoi maiti." Yule mwanamume naye, bwege mkubwa, akainama kutazama viatu vyake. Uchumba ukavunjika palepale. Wembe aliniapia, "Yule mama nitamlipa, hata niwe natembelea mkongojo."

Basi si akajileta mwenyewe! Alikuja na kitindamimba wake, binti mkubwa tu ila mifupa mitupu, ndio kwanza katoka wodini. Hakumtambua Wembe. Wembe alimtambua kabla hajakaa. Nikadhani atamtimua. Wapi! Alimfundisha yule binti kuchoma sindano kwa upole ambao sijawahi kuuona kwake.

Lakini binti akawa halali nyumbani wiki mbili bila kurudishwa wodini. Sukari juu, pumzi inamkata, ananusurika kwa tundu la sindano. Wembe akambana, binti akatoboa: mama hataki wageni waone dawa kwenye friji, anaificha kwenye sanduku juu ya kabati, bati la nyumba linapowaka jua kutwa. Dawa inaungua humo ndani. Tena kuna posa inakuja, na wakwe wasijue kitu.

"Atamuua mwanawe kwa aibu," Wembe aliniambia. Mimi nilitaka nimfuate yule mama siku hiyohiyo nimzabe kofi.

Wakapanga, yeye na binti. Siku ya wageni chakula kikiletwa, binti atachoma sindano palepale mezani, na atawaeleza wakwe kwa kinywa chake mwenyewe. Wembe, aliyealikwa na binti kama mgeni wake, atakaa pembeni kumtia moyo, basi. Mimi nikajialika. Umbea huo!

Chakula kikaja. Binti akatoa sindano, akapandisha blauzi kidogo, akachoma tumboni. Mama akacheka kicheko cha kulazimisha. "Vitamini hizo, msijali."

Binti akafungua mdomo. Wembe akasimama kabla yake.

"Vitamini gani? Kisukari hicho! Unanikumbuka, mama? Mimi ndiye yule maiti mliyemkataa. Leo na wewe unaye wako humu ndani, unamfunika ili wenzako wamuoe!"

Yule mama aliteleza kutoka kwenye kiti mpaka sakafuni. Wageni wakatazamana, wakaaga, chakula hawakukigusa. Binti alikuwa bado ameshika sindano.

Njiani Wembe alicheka mpaka akashika ukuta. "Roho yangu kwatu!" Nami nilicheka, sifichi. Mama yule alistahili hayo na zaidi, na hata leo simhurumii.

Siku ya kliniki binti akaja peke yake. Kanenepa kidogo, macho yameng'aa. Dawa sasa inakaa kwenye friji, kwa sababu hakuna tena wa kufichwa. Wembe akamvutia kiti, anatabasamu mpaka jino la mwisho. Binti akakipita kiti, akaja kukaa kwangu.

"Kulikoni, mdogo wangu?" Wembe akauliza. "Nimekukosea nini mimi? Si mama yako ndiye..."

"Mama nitamalizana naye nyumbani, dada." Hakupandisha sauti hata kidogo. "Siku ile nilikuwa nimeshafungua mdomo. Ugonjwa ni wangu. Ulinipokonya ukamchapia nao mama."

Wembe alibaki ameshika mgongo wa kile kiti. Binti akaninyooshea kidole nimpime.