Nafasi ya Ignace

Mama Marthe anashona nguo katika mtaa wa Malvern, katika duka dogo linalotazama Jules Street. Ukishapimwa naye mara moja huhitaji kupimwa tena, kwa sababu hasahau mwili wa mtu. Katika kazi hiyo ni bahati. Katika ndoa imekuwa adhabu. Falonne, mke wa kwanza wa mumewe, alikuwa mteja wake. Amezikwa miaka mingi sasa, na bado Marthe anakijua kiuno chake, urefu wa mikono yake, na lile bega la kushoto lililokuwa limeshuka kidogo, ambalo alilificha kwa pamba ndani ya kila blauzi.

Ignace alimwoa Marthe baada ya matanga kuondolewa na mwaka kupita. Wote wawili ni watu wa Lubumbashi waliohamia huku kusini, na hakuna aliyeona vibaya. Ni mwashi mpole, wa maneno machache. Hakuwahi kumlinganisha na marehemu. Picha ya Falonne aliitoa ukutani mwenyewe, bila kuombwa, akaiweka katika sanduku chini ya kitanda. Lakini mwanamke aliye ukutani unaweza kumtazama hadi ukamzoea. Aliye chini ya kitanda unalala juu yake kila usiku.

Mwaka jana Ignace alipata kazi katika makaburi ya zamani ya Braamfontein. Familia moja iliyotajirika kwa dhahabu, enzi za Malkia Victoria, ilikuwa imewajengea wafu wake nyumba ya mawe, na kitukuu mmoja aishiye ng'ambo alitaka itengenezwe kabla haijaanguka. Tangu siku hiyo mtu wa maneno machache akawa msemaji. Akila, alieleza tao la mlangoni lililochongoka kama viganja vya mtu anayesali, nguzo nyembamba zilizosimama pande mbili, paa ambalo nalo ni jiwe, mabamba yake yamelaliana kama magamba ya samaki. Alieleza kwamba nyufa anazijaza kwa chokaa, maana sementi ingeliua jiwe lile la zamani. Marthe alisikiliza huku akikitazama chumba chao, kilichogawanywa kwa pazia alilolishona mwenyewe, na nyuma ya pazia familia nyingine ikikohoa. Aliwaonea wivu maiti wa Kizungu. Aliona aibu, lakini wivu haukuondoka kwa sababu ya aibu.

Jumamosi moja akapika bukari na sombe, ugali na kisamvu cha kwao, akafunga katika kitambaa, akampelekea. Révérien, Mrundi anayelinda lango la makaburi, alimsindikiza mpaka ndani ya ile nyumba.

Kulikuwa na baridi. Ukuta wa nyuma ulikuwa na dirisha la vioo vya rangi lililomwaga wekundu na samawati sakafuni. Kushoto na kulia kulikuwa na rafu za marumaru, moja juu ya nyingine kama vitanda vya bwenini, kila moja imezibwa kwa bamba lenye jina. Baba wa familia alilala katikati ya ukuta wa kulia, na mkewe kando yake. Rafu moja tu, karibu na mlango, ilikuwa wazi na tupu.

"Ona," Ignace alimwambia, akipapasa bawaba za mlango wa chuma. "Hawa hawakuvunja kitu hata siku moja. Mtu akikufa, wanafungua mlango, wanamweka pembeni ya watu wake, wanafunga."

Révérien akacheka, akasema kwamba kwa mapenzi haya Mzee ataomba apewe ile rafu tupu. "Au wewe Mzee utalala wapi?"

"Miye niko na nafasi yangu. Siku ya Falonne niliambia wachimbaji waende chini sana. Ni ya watu wawili."

Alisema kama mtu anayekumbuka alipoacha koti lake. Kisha akageuka, akamwona mkewe. Révérien akakumbuka lango lake, akatoka.

Marthe aliweka chakula sakafuni. "Na miye?" aliuliza.

Ignace alitazama kiatu chake, mahali wekundu wa kioo ulipokuwa umeangukia. Alisema siku ile hakujua kama angeoa tena. Ilikuwa kweli, na haikusaidia kitu.

Njiani kurudi Malvern, Marthe alielewa jambo jingine. Kaburi la Falonne, upande wa kusini wa jiji, lilikuwa bado udongo mtupu na kibao cha namba. Kwa miaka yote alidhani ni uzembe wa fundi, au dalili kwamba mumewe amesahau, na moyoni alifurahi. Kumbe udongo uliachwa kwa sababu udongo hufunguka.

Jumapili iliyofuata aliwaambia akina mama wa kanisani kwamba ni fedheha marehemu mke wa mwashi kulala chini ya magugu. Anataka Falonne ajengewe kaburi la heshima kama la kwetu, sementi chini, vigae juu, msalaba kichwani. Yolande, kiongozi wao, alilia. Wake wengine, alisema, hawataki hata jina la marehemu litajwe nyumbani, na huyu anamjengea. Palepale wakachagua kitenge cha sare.

Jioni Ignace alikaa ukingoni mwa kitanda.

"Marthe, ukishamwaga sementi hakufunguliwi tena. Kwetu nani anavunja kaburi?"

"Najua."

"Basi unataka nini?"

"Hapa tunalala watatu," Marthe alisema. "Kule nataka tulale wawili."

 Ignace asingeweza kukataa mbele ya kanisa bila kusema sababu, na sababu ile haisemeki.

Alijenga polepole, jioni baada ya jioni, na Marthe, aliyeenda kumshikia pimamaji ya kupimia usawa, aliona kitu ambacho hakukitarajia. Mikono ya mumewe haikuwahi kufanya kazi nzuri namna ile. Kichwani alisimamisha tao lililochongoka, na nguzo mbili ndogo, kama za ile nyumba ya Braamfontein. Yeye, miaka yote, hakujengewa hata kibaraza.

Siku ya kulizindua kaburi, akina mama walisimama ndani ya kitenge alichowashonea wote, wakaimba. Yolande alimkumbatia, akamwita mtakatifu. Juu ya bega la Yolande, Marthe alilikagua kaburi kama anavyokagua nguo kabla ya kuikabidhi. Tao lilikuwepo, nguzo zilikuwepo, msalaba ulikuwepo. Mlango haukuwepo. Akapumua.

Kisha jicho lake likarudi kwenye tao. Upande wa kushoto ulikuwa umeshuka, kama bega. Kidogo tu, upana wa kidole, na katika umati ule wote hakuna aliyeona. Lakini Ignace aliyeinyoosha nyumba ya wale matajiri hakosei pimamaji.

Alimtafuta mumewe kwa macho. Ignace alikuwa amechuchumaa, akifuta vumbi la chokaa kwa kiganja, pale pale upande wa kushoto.