Dobi Aliyewasafishia Samaki Maji

Wasomaji wa gazeti letu la shule, Jumapili nilipata habari kwamba yule dobi aliyefanya kazi Parklands, aliyekuwa jirani yetu hapa Dagoretti, amefariki kwao magharibi. Nililia, kisha nikajikuta nacheka. Mzee huyo alichimba kijibwawa nyuma ya chumba chake, akaleta ngege wachanga, wale samaki wa ziwani, ndani ya debe, wadogo kama punje za mchele. Sisi wa hapa hatukuzoea kula samaki. “Ukimaliza hao utafuga nyoka?” mama alimtania. “Nyoka utakula wewe, mama! Mimi nataka ngege kwa sahani.” Lakini mwenye shamba alimpa mwezi mmoja tu: samaki wasipokua, bwawa lifukiwe apande viazi.

Kila asubuhi tuliwakuta wengine wanaelea, wamekufa. Mzee akafanya alivyozoea kazini: akayamwaga maji, akasugua kingo, akajaza mengine. “Maji yangu iko safi kuliko ya hospitali!” Halafu akawatupia matonge ya ugali makubwa kuliko vichwa vyao. Jumatatu niliona ajabu. Wachache waliomwagika pamoja na maji walikuwa kwenye dimbwi wanaponywea ng’ombe, maji kijani kibichi, yana samadi, nao wamenona! Shuleni tulishatazama tone la maji kama hayo kwa hadubini: limejaa vidudu vinavyorukaruka. Kumbe hicho ndicho chakula cha samaki mchanga! Ila msichana kama mimi amwambie dobi kwamba usafi wake unaua? Niliona haya, nikaandika kwenye daftari langu tu.

Alhamisi nikamwambia Mzee, macho yangu chini. “Umejua lini?” “Jumatatu, Mzee.” “Jumatatu! Na mdomo ulikuwa umepeleka kwa dobi?” Siku hiyo hiyo tukatumbukiza gunia la samadi, tukasaga dagaa wakawa unga laini. Maji yalipogeuka kijani Mzee aliguna kama mtu aliyemwagiwa chai kwenye shati jeupe. Halafu akapiga kelele: “Wanakula! Angalia, wanakula!” Tukaruka kama watoto. Mwezi ulipoisha, mwenye shamba alionyeshwa samaki wa urefu wa kidole, akaondoka na jembe lake.

Tangu hapo naamini kwamba kiumbe mchanga akikonda, tusimlaumu kabla ya kutazama tunachomlisha. Lakini lipo somo linaloniuma zaidi. Waliokufa Jumatatu, dobi hakujua. Waliokufa Jumanne na Jumatano, mimi nilijua.