Nilimpaka Mke Mpya Harufu ya Marehemu

Mimi ni mzee mjinga. Nalisema mwenyewe mapema ili usihangaike kulitafuta neno. Kuna watu wanazaliwa wajinga, hao tuwasamehe. Mimi ujinga wangu niliutengeneza kwa akili zangu, nikauita ujanja, nikatembea nao kifua mbele hapa Endamarariek kama mtu aliyechaguliwa diwani.

Jina langu silitaji, na ya wenzangu nimeyabadilisha. Shule niliishia darasa la tatu, kwa hiyo nikikosea mkato au nukta, vumilia. Haya naandika kwa simu, kwa kidole kimoja.

Kwanza nikueleze kazi yangu, maana dhambi imetokea huko. Mimi ni mtu wa ng'ombe. Ng'ombe akizaa ndama akafa, maziwa yanakataa kushuka. Unamkamua, anakutazama tu. Basi unamchuna yule ndama aliyekufa, unachukua ngozi, unamvalisha ndama mwingine asiye na mama. Unanyunyiza na chumvi kidogo mgongoni. Mama anakuja, ananusa, analamba, maziwa yanashuka. Amedanganyika. Siku chache baadaye unaitoa ngozi, na yule ndama amekuwa wake kabisa.

Kazi hiyo naijua kuliko mtu yeyote huku kwetu. Wananiita mpaka kijiji cha Buger. Vijana waliosomea mifugo wanakuja na pikipiki na sindano, wanashindwa, halafu wananipigia mimi. Nilikuwa nawacheka hadharani. Nilidharau watu wengi sana, ndugu yangu. Niliwadharau waongoza watalii wa Karatu wanaojipulizia manukato asubuhi wakati wanaenda kushinda na nyati. Nilimdharau shemeji yangu katekista kwa sababu analia akihubiri. Mtu mzima anayelia mimi nilimwona kama ndoo iliyotoboka.

Sasa, mke wangu. Nimwite Veronika. Alikuwa anaosha vyombo kwenye kambi moja ya watalii pale Karatu, zamani kabla magoti hayajamkataa. Siku moja bibi mmoja wa Kizungu, wa rika lake, akampa kichupa cha manukato alichokuwa amebakiza. Cha bluu, kidogo, kinaingia kwenye kiganja. Veronika akakitumia kwa ubahili wa ajabu. Tone moja nyuma ya sikio, Jumapili tu, kwenda misa.

Manukato yalipokaribia kwisha hakukubali. Akaenda kuchuma majani ya mleleshwa, kile kichaka cha majani ya kijivu ambacho Wamaasai wanajipaka kwapani, akayaloweka kwenye mafuta, akachuja, akaongeza kwenye kichupa. Kikipungua anaongeza tena. Mwisho ile harufu haikuwa ya Mzungu wala ya porini. Ilikuwa ya Veronika. Changanya na moshi wa jikoni na samli ya kwenye nywele, hapo unamjua kabla hajaingia mlangoni.

Mimi nilimwambia, "Mama, unanuka kama duka lililoungua."

Akanijibu, "Na wewe unanuka kama zizi ambalo halijaungua bado."

Tulikuwa hivyo. Nilimpenda, lakini hilo sikumwambia, nilidhani anaona.

Tulikuwa na mjukuu, nimwite Paskalina. Mama yake alimwacha mdogo akaenda mjini kutafuta maisha, na maisha yakamtafuna huko. Basi huyu mtoto alilelewa na Veronika mgongoni, akalala naye kitanda kimoja mpaka alipopelekwa sekondari ya bweni. Alimwita Aama, ndiyo bibi kwa Kiiraqw chetu. Mimi aliniita Aako, yaani babu.

Veronika akafa. Presha. Sitalieleza hilo, sikuja kwa ajili hiyo.

Baada ya mazishi ndugu wakagawana vitu vyake, vitenge, sufuria, kila mtu na chake. Paskalina hakutaka kitu ila kile kichupa. Akakifunga kwenye kanga, akakiweka kwenye sanduku la bati chini ya kitanda. Akija likizo, Jumapili baada ya misa anakitoa. Anafungua, ananusa mara moja, anafunga. Hajipaki. Ananusa tu.

Nilimkuta siku moja. Nikamwambia, "Wewe binti, umeanza kuvuta gundi kama watoto wa stendi?"

"Hapana, Aako. Namsalimia Aama."

Nikacheka. Ndiyo, nilicheka mbele ya uso wake. Nikamwambia aliyekufa amekufa, na kwenye chupa hamna mtu. Akafunga kanga yake. Na mimi nikaenda zizini nikijiona mwanaume mwenye busara.

Ukafika wakati nikachoka kula ugali wangu peke yangu. Kuna mama mmoja Mchaga, mjane, anauza ndizi na mitumba sokoni Karatu. Nimwite Mama Ndeshi. Mwanamke wa maana, mchapakazi, ana maneno machache na cheko kubwa. Tukazoeana. Watoto wangu wakubwa wakakubali, paroko akasema tusubiri taratibu zake, lakini yeye akahamia kwanza. Usinitazame hivyo, hata wewe kwenu wapo.

Tatizo likawa Paskalina. Hakumtukana yule mama, laiti angemtukana. Alikuwa anamsalimia vizuri, "Shikamoo mama", anaosha vyombo, anateka maji, halafu chakula cha yule mama hali. Anaenda kula kwa jirani. Usiku anarudi kulala. Likizo nzima hivyo.

Alipoondoka kurudi shule, Mama Ndeshi akaniambia, "Mzee, mimi sigombani na mtoto. Ila siwezi kuishi nyumba ambayo mtoto ananipita kama nguzo ya umeme. Zungumza naye. Mpe muda."

Mpe muda. Maneno ya mwanamke mwenye akili. Mimi nikayapeleka kilabuni kwa Mzee Boay.

Huyu Boay ni rafiki yangu wa tangu tukichunga. Hana akili kunizidi, na hapo ndipo ujue kiwango chetu. Akaninong'oneza kwa sauti ambayo kilabu kizima walisikia: "Wewe bingwa wa kudanganya ng'ombe, umeshindwa na kasichana ka form three?"

Watu wakacheka. Na mimi nikacheka nao. Lakini neno likaniingia. Njiani nikirudi nikawa nalizungusha kichwani. Ng'ombe anamjua mwanawe kwa pua. Na huyu mtoto bibi yake anamjua kwa pua. Basi tofauti iko wapi?

Unaona ninavyojidharau? Nina sababu.

Siku aliyotakiwa Paskalina kurudi likizo, nilifungua lile sanduku. Nikatoa kichupa. Kilikuwa kimebaki na mafuta kidogo chini, ya kutosha kusalimia Jumapili nyingi kwa namna yake. Nikampelekea Mama Ndeshi. Nikamwambia ni zawadi, nimeitoa kwa mtu wa Ngorongoro, ni dawa ya kienyeji ya urembo.

Maskini alifurahi. Akasema tangu marehemu mume wake hakuna mtu aliyempa kitu cha kupaka. Akataka kuanza na tone. Nikamwambia paka yote, usiwe bahili. Nikammiminia mwenyewe shingoni, kwenye mikono, nyingine nikapaka kwenye kitambaa cha kichwa. Mpaka chupa ikawa kavu. Halafu nikaenda kusimama zizini, mahali ninapoona mlango wa jikoni, nisubiri kazi yangu kama ninavyosubiri ng'ombe anuse.

Mtoto akaja mchana, na begi mgongoni, vumbi jekundu mpaka kwenye nyusi. Akafika mlangoni akasimama.

"Aama?"

Alisema polepole, kama mtu anayeuliza kitu ambacho anaogopa kujibiwa. Halafu akalitupa begi, akakimbia ndani. "Aama! Aama!"

Mama Ndeshi alikuwa ameinama anachochea kuni. Mtoto akamkumbatia kwa nyuma, akaweka uso wake mgongoni, akafumba macho. Nami kule zizini, Mungu anisamehe, nikapiga paja langu nikasema: imeshika.

Mama Ndeshi akageuka.

Ile sauti aliyoitoa yule mtoto siwezi kuiandika, na kama ningesoma mpaka chuo kikuu bado nisingeweza. Aliruka nyuma mpaka akagonga ukuta. Akamtazama yule mama kichwa mpaka miguu, akanusa mikono yake mwenyewe, akaelewa. Akaenda chumbani. Nikakimbilia uani, nikasikia sanduku likifunguliwa.

Akatoka na ile kanga tupu.

"Imeisha yote, Aako?"

Nilikuwa na nafasi ya kusema samahani. Ilikuwa pale, mbele yangu, bure. Nikasema, "Ni maji yenye harufu tu, mwanangu. Nitakununulia mengine Karatu."

Mama Ndeshi akaja mlangoni. Akaniuliza, "Mzee, hiki ulichonipa kilikuwa cha nani?"

Akamtazama mtoto, akatazama kanga, akatazama zizi nyuma yangu. Nilikuwa nimeshamsimulia habari za ngozi ya ndama, maana nilikuwa namsimulia kila jioni kwa majivuno.

Akasema, "Kumbe mimi ndiye ndama."

Nikaanza kucheka, nikidhani tutalimaliza kwa utani. Hakucheka. Akasema, "Mimi nimezika mume. Koti lake liko msumarini mpaka leo, wanangu wakipita wanaligusa. Sijawahi kumvalisha mtu nikawaambia watoto baba amerudi. Wewe umeweza. Una moyo wa aina gani?"

Akachukua sabuni ya mche, akaenda nyuma ya nyumba, akajisugua. Alijisugua mpaka shingo ikawa nyekundu, na alikuwa analia, siyo kwa ajili yangu. Alipomaliza akamwendea mtoto, akapiga magoti mbele yake, mtu mzima yule, akamwambia, "Nisamehe mwanangu, sikujua." Jioni ile alipanda bodaboda na mabegi yake. Sasa hivi anauza ndizi zake palepale sokoni. Nikipita anajifanya anapanga vichane.

Paskalina akaenda kwa mama yake mdogo, Buger. Likizo zote sasa anakaa huko.

Boay aliposikia akasema, "Ah, mtoto atasahau, ni harufu tu." Nilimwangalia nikamwona jinsi alivyo, mzee mwenye mate mdomoni anayezungumza asichokijua. Halafu nikajua ndivyo nilivyokuwa nikionekana mimi miaka yote.

Nilijaribu kurekebisha. Nilienda kwenye duka moja la manukato ya wageni pale Karatu, binti mwenye kucha ndefu akaninusisha vikaratasi mpaka kichwa kikauma. Kila kimoja nasema siyo. Akaniuliza, "Babu, yalikuwa yanaitwaje?" Nikamwambia yalikuwa yanaitwa mke wangu. Akadhani nimelewa. Nikapanda mlima kuchuma mleleshwa, nikaloweka, nikaharibu mafuta ya nyumba nzima. Nilipata kitu kinachonuka mbuzi dume. Veronika alikuwa na mkono wake, na mimi katika maisha yetu yote sikuwahi kumuuliza anafanyaje. Nilikuwa nadhani ni upuuzi.

Juzi juzi nikaenda Buger. Mikono mitupu safari hii. Nikamkuta anapepeta mbaazi uani. Amekuwa mkubwa, amefanana na Veronika kwenye mabega. Akaniletea kigoda, akaniletea maziwa, akaendelea kupepeta.

Nikamwambia, "Nimekuja kusema nimekosa. Nilikufanya mnyama. Wewe na yule mama na marehemu, wote niliwafanya wanyama."

Akasema, "Nimesikia, Aako."

"Umenisamehe?"

"Nilishakusamehe. Nilienda kuungama kwa sababu nilikuwa nakuchukia, padri akaniambia nikusamehe. Nikakusamehe."

Basi moyo ukapanda. Nikasema, "Basi rudi nyumbani."

Akaweka ungo chini. Akaniambia kwa upole, na ule upole ndio umenimaliza: "Aako, zamani nikifumba macho nilikuwa namwona Aama. Anakuja kutoka kanisani, anacheka, namsikia mpaka harufu. Sasa nikifumba macho namsikia harufu vilevile, anakuja, nafurahi, halafu anageuka. Akigeuka ni Mama Ndeshi. Kila mara. Nikija pale nyumbani ni mbaya zaidi. Mimi sina hasira na wewe. Nataka tu siku moja ageuke awe yeye."

Nilikunywa maziwa ya watu nikaondoka.

Wewe mzee mwenzangu unayesoma haya, na wewe kijana unayejiona una akili ya kufupisha msiba wa mwenzako: ukimkuta mtu ameshika nguo ya marehemu, au anasikiliza sauti yake kwenye simu, au amekaa ananusa kichupa, usiulize maswali wala usicheke, na usijaribu kumsaidia. Pita zako. Hapo alipo ana mgeni, na huyo mgeni wewe huna uwezo wa kumrudisha ukimfukuza.