Mwalimu Rwamba na Mtoto Aliyerushwa Darasa

Watu wa Kanyakine walimwita Mwalimu Rwamba mkaidi, naye hakukataa. Alikuwa mwanamke wa Embu, mzaliwa wa Runyenjes, aliyehamishiwa Imenti Kusini miaka michache baada ya uhuru, akaolewa huko huko na asirudi tena kwao. Kimeru chake kilibaki na lafudhi ya Kiembu, na watoto walizoea kumwigiza alipogeuka kuandika ubaoni. Aliwaacha wacheke kwanza, wachoke, halafu huyo aliyecheka zaidi ndiye aliyeitwa kufanya hesabu mbele ya wenzake.

Alifundisha mpaka mvi zikamwota, na katika miaka hiyo yote hakuna kilichompandisha mori kama kumsikia mtu mzima akisema kwamba mtoto mwerevu hahitaji mwalimu.

"Ng'ombe wa maziwa mengi ndiye anakula nyasi nyingi," angemjibu. "Sasa nyinyi mnataka kumfunga kwa nguzo, mkamue tu!"

Hakuzaliwa akiyajua hayo. Alifunzwa na mabinti wawili wa Muthamia, mkulima wa kahawa, katikati ya miaka ya sabini. Mkubwa aliitwa Ednah, mdogo Cicily.

Cicily alipokuwa darasa la nne alikuwa balaa. Mwalimu akiandika hesabu, mtoto alikuwa na jibu kabla chaki haijawekwa chini. Baada ya hapo hakuwa na kazi, na mtoto asiye na kazi darasani ni kama mbuzi aliyekata kamba. Alisumbua jirani, alichora dawati, aliuliza maswali. Siku moja aliuliza, "Mwalimu, mbona ukigawanya kwa nusu hesabu inakuwa kubwa? Hiyo ni kugawanya gani?" Mwalimu wake akamwambia akae chini. Rwamba, aliyekuwa akipita nje dirishani, aliondoka akicheka peke yake, na mpaka jioni swali lile lilikuwa bado linamzunguka kichwani.

Shule ikafanya kile shule zilichokuwa zikifanya siku hizo. Mtoto akarushwa. Mwaka ulipoanza, Cicily hakuingia la tano, aliingia la sita, darasa la Rwamba mwenyewe, na Rwamba ndiye aliyelishikia bango jambo hilo mpaka likakubaliwa. Humo alimkuta dada yake. Ednah alikuwa akirudia la sita, kwa kuwa mwalimu mkuu, Bwana Mutembei, hakumruhusu mtu aingie la saba akaiharibie shule jina katika mtihani wa taifa. Hivyo mwepesi alisukumwa mbele, mzito akazuiwa nyuma, na dada wawili wakakutana dawati moja.

Basi Cicily akaanguka. Shule ile ilikuwa na desturi ya kuwapanga watoto wote paredi siku ya kufunga muhula, wazazi wakiwa wamesimama kando ya ua, na mwalimu mkuu akisoma majina ya kila darasa kuanzia wa kwanza hadi wa mkia. Muhula wa kwanza jina la Cicily lilichelewa sana kutajwa. Muhula wa pili likachelewa zaidi.

"Mbio za sakafuni huishia ukingoni," Mutembei akamwambia Rwamba ofisini. "Ulituambia huyu mtoto ni moto. Hizo zilikuwa nguvu za soda, mwalimu. Januari anarudi la tano."

Rwamba alijua maana ya maneno hayo. Wale aliowaacha Cicily wangekuwa wanaingia la sita, na yeye angekaa nyuma yao, akinyooshewa kidole. Alishawaona watoto wa namna hiyo. Hawakuinua mkono tena darasani. Walimaliza shule wakiamini kwamba wao ni wajinga ambao zamani walidhaniwa werevu kwa makosa.

"Akili si maharagwe, mwalimu mkuu," akasema. "Haiishi guniani."

"Basi iko wapi?"

"Nipe mpaka mtihani wa mwisho wa mwaka. Nitaitafuta."

Aliitafuta kwa bidii. Alimhamisha Cicily mbele akidhani haoni ubao. Alimchungulia kama alikuja shule bila kunywa uji. Alimpa maswali ya la nne, yale aliyokuwa akiyatafuna zamani, na mtoto akainamisha macho. "Sijui, mwalimu." Kila swali, sijui. Rwamba hakuwa mtu wa kujitilia shaka, lakini ile "sijui" ilimkata maini.

Jumamosi moja ya Novemba, kahawa ikiwa imekomaa, alipeleka mavuno ya nyumbani kwake kiwandani. Pale kila familia humwaga matunda yake juu ya magunia, ikachagua yaliyo mekundu na kuyatenga mabichi kabla ya kupimiwa. Rwamba alipiga magoti akaanza kuchagua. Nyuma yake, upande wa pili wa rundo la magunia ya watu, akasikia sauti anayoijua.

"Sasa angalia. Hizi nyekundu ni shamba. Ukikata robo, halafu hiyo robo ukate nusu..."

"Sioni," alisema Ednah.

"Haya, achana na kahawa. Ile siku mama alikusuka, si alikugawa kichwa mara nne kwanza? Halafu kila upande akatoa misuko miwili. Msuko mmoja ni kipande gani cha kichwa chote?"

Ednah akajipapasa kichwa, akihesabu kwa vidole. Kisha Ednah akapiga kelele. "Aaa! Ni moja juu ya nane! Kumbe ni hivyo tu!"

Rwamba aliacha kuchagua. Hesabu ile aliitoa yeye mwenyewe wiki hiyo, na Cicily aliikosa. Si kuikosa tu, kumbe mtoto alikuwa anaifahamu kiasi cha kuifundisha kwa njia mbili, na kuitupa ya kwanza bila kinyongo ilipokataa. Kuna walimu wenye vyeti waliokuwa wakishindwa na jambo hilo.

Hapo ndipo alipozikumbuka zile paredi mbili. Jina la Ednah lilisomwa, na lililofuata lilikuwa la Cicily. Muhula wa kwanza hivyo, muhula wa pili hivyo. Watu wote walisikia na hakuna aliyeshtuka, kwa kuwa watoto wa nyumba moja kufuatana si ajabu. Mtoto huyu alikuwa akikaa kando ya dada yake, anaupima mtihani, anampima dada, kisha anaandika makosa ya kutosha kumweka nyuma yake hatua moja. Akili haikuwa imekwisha. Ilikuwa kazini mchana kutwa.

Akawazunguka, akakaa nao juu ya gunia.

"Cicily. Kwa nini unajificha nyuma ya dada yako?"

Mtoto akajaribu kusema "sijui", hakulimaliza neno. Akalia. "Nikiwa mbele, baba anamwambia Ednah, 'Hata huyu mdogo amekupita, wewe ni wa nini?' Siku ile nilirushwa, Ednah hakula."

Rwamba alihisi hasira imempanda mpaka masikioni, hasira na Muthamia, na Mutembei na majina yake, na yeye mwenyewe aliyedhani kwamba mtoto mwepesi ni wa kusukumwa mbele tu bila kumtazama anakanyaga wapi. Lakini hakuwa mtu wa kukaa na hasira bila kuifanyia kazi. "Sikizeni," akasema. "Jumatatu naenda kwa mwalimu mkuu. Majina ya darasa langu hayatasomwa tena. Kila mtoto atapewa alama zake mkononi, na hakuna mtu atajua za mwingine."

Alidhani amemaliza kesi. Ednah akasimama, matunda ya kahawa yakamwagika kutoka mapajani mwake.

"Yaani siku zote umekuwa ukinishikilia nyuma kama mtoto anafunzwa kutembea?" akamwambia mdogo wake. "Mimi najua mimi ni mzito wa hesabu. Hiyo haijaniua. Lakini wewe kunihurumia, Cicily, hiyo ndiyo mbaya. Nilikuwa nafurahi ati kuna mtu nimepita. Kumbe sikuwa nimepita mtu!" Akamgeukia Rwamba. "Mwalimu, majina yasomwe. Lakini huyu aandike yote anajua. Hata mimi nataka kujua niko wapi."

Rwamba alimtazama msichana yule anayerudia darasa. Akasema tu, "Sawa, mama."

Jioni hiyo alienda kwa Muthamia, akakataa kiti mpaka aseme alilokuja nalo.

"Baba Ednah, ukiwalinganisha hawa tena utapoteza wote wawili."

"Mwalimu, mimi nilikuwa namtia Ednah bidii."

"Ednah anayo bidii. Unamtia Cicily woga."

Muthamia alijikuna kidevu, akatazama chini. Hakuahidi kitu, lakini alimwita mkewe alete chai, na kule Imenti mtu aliyekasirika hakuandalii chai.

Majuma yaliyobaki Rwamba alifundisha kwa namna mpya. Cicily akimaliza kazi ya wenzake, alipewa swali lake peke yake, gumu, la kukaa nalo hata siku mbili, na akirudi bila jibu hakuulizwa jibu bali aliulizwa amejaribu njia gani. Alilia kwa la kwanza, kwani hakuwa amezoea kushindwa kikweli. Walimu wengine walitaka afanywe msaidizi wa kufundisha wazito, Rwamba akakataa katakata. Akimfundisha dada yake kiwandani ni mapenzi. Darasani amekuja kujifunza, kama mtoto mwingine yeyote.

Siku ya kufunga mwaka kulikuwa na ukungu na manyunyu. Wazazi walijifunika makoti kando ya ua, Muthamia akiwa kati yao. Mutembei alifika darasa la sita, akafungua kinywa, akakifunga, akapangusa miwani yake, akatazama tena.

"Namba moja," akasema. "Cicily, binti wa Muthamia."

Wazazi wakaguna. Desturi ilikuwa mtoto atoke mstarini aende mbele asimame, lakini Cicily hakusogea. Aligeuza shingo akamtazama dada yake nyuma yake, uso umemjaa woga ule ule wa kiwandani. Mutembei akaita tena. Rwamba, aliyesimama kando ya mstari, alikuwa ameanza kupiga hatua aende kumshika mkono.

Ednah alimtangulia. Aliweka kiganja kati ya mabega ya mdogo wake, akamsukuma mbele kwa nguvu.

"Enda bwana!" akasema, na paredi nzima ikamsikia. "Usicheleweshe watu. Na mimi nangoja kusikia yangu."