Yuko Kwa Kitabu

Jumatatu nilikuwa kituo cha polisi kuripoti kitambulisho kilichopotea. Mbele yangu alisimama mama wa Dagoretti, ameshika picha ndogo ya mwanawe. Alikuwa akieleza kwamba askari walimkamata kijana huyo pale madukani Adams Arcade miezi mitano iliyopita na hajaonekana tena. Afande wa kaunta akaanza kuandika kwenye kipande cha karatasi.

"Hapana, afande," mama akasema polepole. "Andika kwa kitabu ya OB, ile ya ripoti. Karatasi uliniandikia hata wiki jana."

"Rudi kesho, mama. Si unaona watu ni wengi?"

Jamaa aliyekuwa nyuma yangu akaegemea kaunta. "Sisi hatuna haraka, afande. Muandikie."

Nikasema hata mimi nitangoja. Foleni nzima ikabaki pale pale, hakuna aliyesogea mbele.

Afande akakivuta kitabu, akaandika, akampa nambari ya ripoti. Mama akaifunga kwenye leso pamoja na ile picha.

"Angalau sasa yuko mahali," akasema, macho yakiwa kwa mlango wa seli.

Kitambulisho changu kiliingia kitabuni kwa dakika moja. Mtoto wa mtu alihitaji miezi mitano, na foleni iliyokataa kusonga.