Nilivyopeleka Posa ya Gemu Bweranyange

Projesti, dereva mlevi, alipindua lori la kahawa na mguu wangu ukabaki pale. Namtaja, na asome. Mke naye akaondoka. Mkosaji wa pili ni mpwa wangu Anitha, aliyeleta mashine ya gemu saluni kwake hapa Nyaishozi. Ndani yake kuna mji mzima, kila mtu anajichagulia sura na kuongea na wenzake. Mimi nilichagua miguu miwili. Jamani, nilicheza ngoma mpaka watu wakanizunguka!

Humo nikampata Koku wa Bweranyange, mjane, sauti tamu kwenye hedifoni. Miezi minne tukaongea. Habari ya mguu nilimweleza mwenyewe, akacheka: "Nataka mume, sitaki mkimbiaji." Basi nikabeba mkungu wa ndizi na dumu la rubisi, pombe yetu ya ndizi, nikaenda kwao bila mshenga. Mshenga wa nini, na mwenyewe ameshanikubali?

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Ninyi kwenu mwiko wenu ni nini?"

"Hatuli nyama ya pongo, baba," nikajibu kifua mbele.

Koku akaweka sinia chini. Hapo ndipo nikashtuka. Kwetu wenye mwiko mmoja ni ukoo mmoja, hawaoani, na lile gemu liliniuliza hadi rangi ya viatu, ukoo halikuuliza. Wala mimi sikuuliza, na umri huu!

"Hata sisi hatuli," mzee akasema. "Koku, mpokee kaka yako ndizi."