Uliza Ofisini

Arlys Tollefson hajawahi kuiba hata kalamu. Nalisema hilo mapema kwa sababu huku kwetu Wisconsin watu wana midomo, na mtu akiwa mkimya sana wanasema ana lake jambo. Mimi ni mpishi wa shule, na Arlys ndiye anayeninunulia kila ninachopika: unga, nyama, tufaha, maziwa. Ofisi ya manunuzi ya shule zote za wilaya hii ni yeye na meza yake. Akiugua, ofisi imeugua.

Chakula cha watoto kinalipiwa na serikali kuu, na pesa ya serikali kuu ina masharti kuliko dawa ya mganga. Usimpe kazi ndugu yako. Usimnong'oneze mtu bei ya mwenzake. Ukijibu swali la muuzaji mmoja, uwajulishe wote. Miaka ya nyuma wilaya ilinunua viti kwa shemeji wa mkubwa mmoja, na serikali ikadai pesa yake yote irudishwe. Tulikula maharage mwaka mzima. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na Arlys tangu hapo alikuwa anashtukia hata kikombe cha kahawa akinunuliwa na mtu.

Sasa, Arlys ana kaka yake mkubwa, Ordell. Ordell anafuga ng'ombe na kujaza maziwa kwenye chupa mwenyewe, kazi ya baba yao. Wakulima wadogo kama yeye wamekwisha karibu wote, makampuni makubwa yamewameza. Ilipotangazwa zabuni ya maziwa ya shule alisema waziwazi: nikiipata hii nimepona, nikiikosa nauza ng'ombe wote. Arlys naye hakuficha kitu. Alikwenda kwa Bwana Haugen, mkuu wa elimu wa wilaya, akamwambia, huyu ni kaka yangu, nitoeni kwenye kuamua.

"Sawa, wataamua wajumbe wa bodi," Haugen akasema. "Lakini bahasha za bei utapokea wewe na maswali utajibu wewe. Nina nani mwingine?"

Jumapili moja baada ya kanisa Ordell alikwenda kula kwa dada yake. Gaylen, mume wa Arlys, alikuwa mezani na mpira wake wa hewa puani. Mapafu yake yaliharibiwa na vumbi la nyasi zilizooza ghalani, na dawa zake zinalipwa na bima ya kazi ya Arlys. Bila kazi ile hakuna bima, na bila bima hakuna Gaylen. Kila mtu hapa analijua hilo, ila hatulisemi.

"We Arlys," Ordell akauliza, mdomo umejaa viazi, "ile fomu yenu inanichanganya. Natakiwa nilete na majokofu ya kuwekea maziwa, au shule zinayo?"

Arlys akaweka uma chini. "Sizungumzi mambo hayo hapa, kaka. Uliza ofisini."

Ordell alicheka mpaka akapaliwa. "Ofisini kuna nani zaidi yako? Nipige simu, uipokee wewe?"

"Ndiyo. Upige."

"Makubwa haya! Gaylen, mwanamke huyu analala na sheria kitandani?"

"Analala nayo," Gaylen akasema. "Mimi wamenisukumia ukutani."

Wakacheka, wakaendelea kula. Lakini Ordell hakupiga simu. Ndivyo tulivyo sisi: tukikataliwa mara moja, tunaona haya kurudi. Akaamua kujihami, akaingiza bei ya majokofu mapya kwenye zabuni yake.

Wiki hiyohiyo kampuni kubwa ya mjini ilipiga simu. Bwana mmoja mwenye sauti laini aliuliza swali lilelile. "Hapana, bwana, majokofu tunayo," Arlys akamjibu, akaweka simu na kurudi kwenye kazi zake. Hakuwajulisha wengine. Si kwa ubaya, alisahau tu, swali lenyewe lilikuwa dogo na meza imejaa. Yeye, mlinzi wa sheria, aliivunja bila kujua, na aliyeumia ni kaka yake.

Arlys alilijua kosa lake siku ya kufungua bahasha. Mwenyekiti wa bodi alisoma bei ya Ordell, na maziwa yake yalikuwa rahisi kuliko ya wote. Kisha akasoma mstari wa majokofu, na jumla ikapanda juu ya ile ya kampuni.

"Majokofu ya nini tena?" mjumbe mmoja akauliza. "Si tunayo?"

Ordell akawa mwekundu mpaka masikio. "Sikujua."

"Pole, Ordell," Haugen akasema. "Bahasha ikishafunguliwa, bei haiguswi. Una malalamiko?"

"Sina."

Arlys alikuja jikoni kwangu moja kwa moja, akasimama katikati ya magunia ya unga, akanieleza yote. "Berit, nimemmaliza kaka yangu."

"Basi nenda kaseme! Wataifuta zabuni, waitangaze upya."

"Niseme nini, shoga? Kwamba kaka yangu ameshindwa, na mimi ndiyo kwanza nimekumbuka simu? Nani ataniamini? Watanifukuza leo leo. Na Gaylen je?"

Nilimkasirikia yeye, nikamkasirikia Haugen, nikaikasirikia na bima. Nilisugua sufuria lile lile mpaka mkono ukaniuma. Siku zikapita, Arlys hali, halali, bodi ikatia sahihi.

Mnada wa ng'ombe ulifanyika uani kwa Ordell. Sisi wanawake wa kanisa tuligawa kahawa na mikate ya nyama, kama msibani. Gaylen alibaki garini na mtungi wake wa hewa. Jirani mmoja, Verlyn, mtu asiyejua kufunga mdomo, akamcheka Ordell: "Dada yako amekaa palepale ofisini, na bado umekosa? Huyo ni dada au jiwe?"

Ordell akavua kofia.

"Koma, Verlyn. Nilimuuliza mezani kwake, akanikatalia mbele ya mumewe. Nitajie mwingine wilaya hii asiyempendelea hata ndugu yake wa damu. Ng'ombe wanakwenda, sawa. Jina la baba yetu halina doa."

Akamvuta Arlys, akamkumbatia mbele ya watu wote, na watu wakapiga makofi. Nilikuwa nimeshika birika la kahawa, nikamwona Arlys anafungua mdomo. Akatazama kule garini. Kioo kilikuwa kimeshushwa, na Gaylen alikuwa anapiga makofi na yeye.

"Asante, kaka," akasema.